Dadu si mwamuzi

Watoto wakiigiza vita kwenye mchanga wa ufuko wa Uvira, mchezo huvunjikia mahali pale pale: mmoja anapiga kelele “nimekuua!”, mwenzake anakataa, na fimbo zilizokuwa bunduki zinarudi kuwa fimbo. Watu wazima wanaopenda michezo ya kusimulia mezani wamejenga imani nzima juu ya ugomvi huo. Katika michezo hiyo mmoja huwa msimulizi, na kila mwenzake hubeba mhusika wake. Mchezo wa kwanza wa aina hiyo kuchapishwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Humo anayetaka kumpiga adui hutupa dadu, na namba ikitosha upanga umeingia. Basi husemwa kwamba pigano likisimuliwa kwa maneno matupu, bila dadu wala jedwali la alama, haki haipo, na mwenye mdomo mpana ndiye atakayeshinda. Imani hiyo ni potofu, na ushahidi wa kuipinga hauko mbali na ziwa hili la Tanganyika.

Tuanze na zilikotoka hizo dadu. Michezo hii ni mjukuu wa michezo ya vita ya maofisa wa Prussia. Mwaka 1824 Luteni Georg von Reisswitz alitoa mchezo wa ramani uliokuwa na dadu na majedwali ya kuhesabu hasara. Lakini mwaka 1876 afisa mwenzao wa kizazi cha baadaye, Julius von Verdy du Vernois, alitaka vyote hivyo viwekwe kando: mwamuzi mzoefu azisikie amri za pande zote mbili, apime ardhi, umbali na uchovu wa askari, kisha atamke kilichotokea. Hawa hawakuwa watu wa kujifurahisha jioni. Walikuwa wakijiandaa kwa vita vya kweli, na bado walikuwapo waliopendelea hukumu ya mtu anayeeleza sababu zake kuliko mfupa unaobingirika.

Ushahidi mzito zaidi uko Kivu, ambayo ilikuwa jimbo moja hadi 1988. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, Shé-Kárisi Rureke alimsimulia mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck utenzi wa Mwindo kwa siku 12, akiimba na kucheza huku wasaidizi wakimpigia mdundo. Kitabu kilitoka 1969, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene. Utenzi umejaa mapigano, na msimulizi yuko huru kabisa. Angependa, Mwindo angeshinda kila kitu kwa sentensi moja. Hafanyi hivyo. Mwindo anazaliwa ameshika usinga wake, conga, na silaha hiyo inajulikana kwa msikilizaji kabla ya vita vyovyote. Baba yake, Shemwindo, anamrushia mikuki, anamzika, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mwindo anaporudi kulipiza, wajomba zake wahunzi wanamvisha chuma, wanakwenda kuishambulia Tubondo, kijiji cha baba yake, na wanakufa huko. Chini ya ardhi, anakomfuata baba yake, mungu Muisa anamtumia mkanda unaompiga hadi kumuua, na ni conga inayomwamsha. Kisha anacheza kamari na mungu Sheburungu na kupoteza karibu kila alichonacho, mpaka anapoweka conga yenyewe rehani na bahati kugeuka. Hapo ndipo ninapotaka wapenzi wa dadu watulie kidogo. Bahati nasibu imo, lakini imo ndani ya hadithi, mikononi mwa wahusika, haimwongozi msimulizi. Kinacholipa pigano uzito ni silaha iliyotajwa mapema na bei inayolipwa mbele ya masikio ya wote.

Mpinzani atasema: msimulizi asiye na dadu atampendelea rafiki yake, na akibanwa atatunga sababu. Hoja hii ina nguvu, na historia ya pwani hii inaonyesha sura yake mbaya kuliko zote. Waasi wa Simba walipoiteka Uvira Mei 1964, wapiganaji wao walikuwa wakipewa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, wakienda mbele kwa ukelele wa “Mai Mulele!”, yaani maji ya Mulele, kiongozi wa uasi. Dawa ilikuwa na masharti: usiguse mwanamke, usigeuke nyuma, usiogope. Aliyeanguka, ilisemwa amevunja sharti. Che Guevara, aliyevuka ziwa kutoka Kigoma Aprili 1965, aliikuta imani hiyo ikiwa hai, na maiti hazikuweza kuikanusha. Masharti yalitajwa mapema, ndiyo, lakini kuvunjwa kwake kuligunduliwa baada ya kifo, na shahidi hakuwepo.

Hata hivyo dadu haiponyi ugonjwa huu. Msimulizi mwenye dadu ndiye bado anayeamua adui ni wangapi, wamejificha wapi, na wenzao watafika lini. Anayetaka kupendelea hana haja ya kuvunja kanuni. Anapunguza adui wawili kabla dadu haijagusa meza. Dawa ya upendeleo ni kusema bei kabla ya tendo, kwa sauti, kila mtu asikie: “Ukivuka mto Mulongwe usiku huu utafika ng’ambo, ila baruti yako italowa. Unavuka?” Mchezaji akivuka, hakuna wa kulalamika. Hiyo ndiyo kanuni, ingawa haijaandikwa katika jedwali lolote.

Kuna jambo moja ninalowakubalia: mchezaji mkimya hupata nafasi dadu inapomfikia, na katika usimulizi huru mwenye maneno mengi anaweza kummeza. Lakini kinachomsaidia mkimya ni zamu, na zamu huzunguka meza bila dadu.

Mwindo, akishakuwa mfalme, anamuua Kirimu, joka la vichwa saba. Namba za dadu zingeishia hapo: joka limekufa, alama zimehesabiwa. Kwa Rureke pigano bado halijaisha, kwa sababu Nkuba, bwana wa radi, alikuwa amechanjiana damu na Kirimu. Anamchukua Mwindo juu mbinguni, na mshindi anakaa huko mwaka mzima akipigwa na mvua na baridi.