Si miraa anayotafuna

Katika mtaa wa Majengo, uwe wa Meru au wa Embu, mtu anayetafunatafuna kutwa hamshangazi yeyote. Miraa na muguka ni mazao ya huku. Lakini mtazame vizuri jirani ambaye ametumia dawa za ugonjwa wa akili kwa miaka. Huenda kinywani hana kitu, na bado taya linasaga, midomo inafyonza, ulimi unatokeza na kurudi. Hafanyi hivyo kwa kupenda. Akishikwa na usingizi, yote hutulia.

Watu husema amerogwa, au wazimu umezidi. Sivyo. Hali hii, ambayo madaktari huiita tadivu diskinesia, huletwa na dawa zenyewe, hasa zile za zamani kama Largactil, haloperidoli na sindano ya Modecate. Hutokea baada ya miezi au miaka, na wazee, hasa akina mama, ndio walio hatarini zaidi. Isichanganywe na shingo kupinda na macho kukwama yakitazama juu siku chache tu baada ya dawa kuanza. Hapo mkimbize mgonjwa hospitalini, kwani hutibika upesi. Tembe za Artane, ambazo wengi hupewa kwa ajili ya kutetemeka, huweza kuuzidisha ulimi huo unaochezacheza.

Lawama yangu naielekeza kwenye foleni ya sindano. Mara nyingi mgonjwa huitwa, hudungwa, kisha huitwa mwingine. Nani amemwambia afungue kinywa? Uchunguzi uliobuniwa Marekani mwaka 1976 hauhitaji mashine yoyote: mgonjwa huketi, hutoa ulimi, hugusanisha kidole gumba na vidole vingine, hutembea hatua chache. Ni kazi ya dakika kumi, na muuguzi aweza kuifanya. Mara moja kila miezi sita si mzigo. Dawa za kutuliza miondoko hii ziliidhinishwa Marekani mwaka 2017, lakini bei yake si ya mkazi wa Majengo. Kwetu kinga ni kuigundua mapema, kabla haijawa ya kudumu.

Nanyi jamaa, msimwachishe dawa kwa uamuzi wenu. Ugonjwa waweza kurudi kwa kishindo, na miondoko ikazidi kwanza. Daktari ndiye atakayepunguza kipimo au kubadilisha dawa. Andikeni tarehe mlipoanza kuiona, na siku ya kliniki mwombeni muuguzi autazame ulimi kabla ya kushika sindano.