Usinunue jezi kabla ya kitanda

Wadau, kuna watu wanasema fainali kubwa zisipelekwe mikoani kwa sababu malazi ni shida. Mimi siafiki, japo yamenikuta.

Sisi wa Mpanda mpira wa Simba na Yanga tunaujulia kwenye vibanda umiza. Dar ni mbali, nauli yake unamalizia akiba. Kwa hiyo fainali ya Kombe la Shirikisho ilipopelekwa Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, Julai 25, 2021, tukasema leo imetufuata jirani.

Tukajipanga kama tunaenda harusini: jezi, vuvuzela, nauli ya kwenda. Malazi? Eti tutajua huko huko!

Jumamosi usiku tukaingia Kigoma, vumbi mpaka kwenye kope. Gesti ya kwanza imejaa. Ya pili imejaa. Ya tatu bei imeruka mara mbili. Tukalala wanne kitanda kimoja, mzungu wa nne. Jumapili Taddeo Lwanga akatupiga bao, Simba 1, Yanga 0. Jumatatu bosi ananipigia simu, mimi bado natafuta basi la kurudi.

Kosa la Kigoma? Hapana, letu. Safari ya mpira ipange kinyumenyume: kwanza basi la kurudi na ruhusa ya kazini, pili chumba ukilipie kwa simu, tatu tiketi. Jezi mwisho.

Fainali zije tu huku kwetu. Tukilala nje, tujilaumu wenyewe. Au nyie mnaonaje?