Ngozi ni Amana, Tusiikabidhi kwa Wauzaji wa Mitandaoni

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, kutunza mwili si jambo geni katika kisiwa chetu cha Unguja. Hapa Mtoni, katika magofu ya kasri la Sayyid Said alikozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, bado panaonekana mabaki ya mahamamu. Bibi zetu walisaga liwa juu ya msio, na bi harusi alisuguliwa singo na somo wake hadi siku ya kutolewa. Uislamu haukukataza pambo kama hilo. Tulilonalo leo ni jambo jingine, na linaingia majumbani kwa njia ya simu ya mkononi.

Mtoto akitokwa na upele, picha yake hutumwa kwanza katika kundi la WhatsApp la ukoo. Kabla ya adhuhuri majibu yamekwisha kuja kutoka Bububu, Dar es Salaam hadi Maskati: huyu anasema ni harara, yule anasema ni choa, na wa tatu anataja jina la krimu. Kisha hutokea muuzaji wa Instagram, mwenye picha mbili za uso mmoja, wa kwanza mweusi wenye madoa, wa pili mweupe unaong'ara, akaahidi matokeo kwa siku saba. Hajamwona mgonjwa, wala hakuna ajuaye kilichomo ndani ya kopo lake.

Madhara yake yanajulikana. Krimu nyingi za namna hii zina dawa kali za jamii ya steroidi. Zikipakwa juu ya choa, wekundu na muwasho hupungua kwa siku chache, mzazi akafurahi, huku fangasi wakiendelea kuenea chini kwa chini. Zikitumiwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikaota michirizi na kuchubuka kwa urahisi. Na kwa mtoto mdogo dawa hupenya hadi ndani ya damu. Hidrokwinoni, inayotiwa katika mikorogo, huweza hatimaye kuuacha uso na weusi wa kibuluu usiotoka. Zebaki huharibu figo, na mama mjamzito humfikishia sumu hiyo mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umezitaka nchi wanachama kuviondoa vipodozi vyenye zebaki.

Lakini liko tatizo kubwa zaidi: picha haigusi. Baka la ukoma hutambulikana hasa kwa kuwa limekufa ganzi, na mganga hulijaribu kwa kuligusa. Katika picha baka hilo laweza kufanana na mba. Familia ikihangaika na makopo ya krimu mwaka mzima, mishipa ya fahamu huharibika, vidole vikapinda, ilhali dawa za ukoma hutolewa bure na humponya mgonjwa kwa miezi 6 au 12. Tena, picha nyingi za maradhi zilizomo katika intaneti ni za watu weupe. Kinachoonekana chekundu kwao, kwetu huweza kuonekana cha zambarau, kijivu au cheusi zaidi. Anayelinganisha ngozi ya mwanawe na picha hizo hupotea kirahisi.

Dini yetu imekwisha kutoa hukumu katika mambo haya. Katika Sura An-Nahl, aya ya 43, tumeamrishwa kuwauliza wenye ujuzi ikiwa hatujui. Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Wenzake walimfutu kwa kutojua kwamba hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali, akabainisha kuwa ponyo la ujinga ni kuuliza. Aidha imepokewa kutoka kwake kwamba anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, hudhamini madhara anayoyasababisha. Basi na wauzaji wajiulize watakuwa na jibu gani mbele ya Mola wao.

Na anayejichubua ili aache rangi aliyoumbwa nayo asome Sura Ar-Rum, aya ya 22, inayotufundisha kuwa tofauti za rangi zetu ni miongoni mwa ishara za Allah. Kutibu ugonjwa ni jambo lililoruhusiwa. Kuuchukia weusi ni jambo jingine. Hapa wanaume nasi tuna sehemu yetu, kwani kijana anayeposa kwa kuulizia weupe ndiye anayempeleka dada yake kwenye mkorogo.

Hatusemi kwamba simu yenyewe ni haramu. Mwaka 2007 ulianzishwa mradi ulioziunganisha hospitali za Uganda, Botswana na Malawi na mabingwa wa ngozi wa ng'ambo, na picha zilisaidia sana kwa kuwa zilitumwa na mganga kwa mganga, pamoja na maelezo ya mgonjwa. Hapa nchini, kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu tangu mwaka 1992. Na Novemba 2018, malalamiko juu ya mikorogo yaliyoandikwa katika Twitter yalijibiwa na Rais Paul Kagame wa Rwanda, na baadaye vyombo vya dola vikaingia madukani kuyakamata makopo. Chombo ni kile kile. Hukumu inafuata anayekitumia.

Basi wazazi wa Mtoni na kwingineko tushikamane na haya. Mgonjwa apelekwe kwanza kituo cha afya, na ikibidi hospitali ya Mnazi Mmoja. Dawa isiyo na maandishi ya viungo vyake isipakwe mwilini. Picha ya mwili wa binti au mke isitumwe katika kundi, kwani sitara aliyoihifadhi miaka yote yaweza kuvunjwa kwa kidole kimoja, na picha ikishatoka hairudi. Haja ya matibabu imemruhusu tabibu kutazama kwa kadiri ya dharura, haikuuruhusu ukoo mzima. Na nanyi makhatibu, lisemeni jambo hili katika mimbari.

Mwili si mali yetu, ni amana, na tutaulizwa tuliutumiaje. Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu na atusitiri sisi na watoto wetu. Amin. Wabillahi tawfiq.