Meli Kubwa, Mji Mwembamba

Tangu tarehe 1 Agosti 2021, Serikali ya Italia imezikataza meli za abiria zenye ukubwa wa zaidi ya tani 25,000, au urefu wa zaidi ya meta 180, kupita katika mfereji wa Giudecca na mbele ya uwanja wa San Marco mjini Venice. Sababu yaeleweka kisayansi. Mji huo umesimama juu ya nguzo za miti zilizokitwa topeni. Meli kubwa ipitapo husukuma maji mengi, na mkondo wake huchimbua tope la chini.

Hata hivyo, kuondolewa kwa meli si kuondolewa kwa abiria. Baadhi ya meli sasa hufunga gati Marghera, upande wa bara. Nyingine huishia Trieste au Ravenna, safari ya zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Meli moja yenye abiria 3,000 huhitaji mabasi 60 ya watu 50. Hivyo mzigo uliotoka majini umehamia barabarani, na msafiri akicheleweshwa njiani huenda akakuta meli imekwisha ng'oa nanga.

Amri hiyo ni ya haki, lakini ni nusu ya kazi. Wenye kuweka mpaka wa meli hawana budi kupanga pia mabasi, treni na saa za kuondoka. Makampuni nayo yapaswa kuandika katika tiketi jina la bandari yenyewe, wala si la mji mashuhuri ulio mbali nayo.