Motokari ya Zamani: Usianze na Rangi

Mtu anunuapo motokari ya zamani isiyo na paa, kama MGB iliyotengenezwa Abingdon, Uingereza, tangu mwaka 1962 hata 1980, hutamani kwanza kuipaka rangi. Asifanye hivyo.

Motokari nyingine hushikwa na paa lake isipinde. Hii haina paa. Nguvu yake kubwa imo katika vizingiti vya chuma vilivyo chini ya milango. Basi iinue kwa jeki, ufungue mlango na kuufunga. Ukikwama, huenda kutu imevila vizingiti kwa ndani: mwite fundi. Naye asikate chuma kabla ya kuitegemeza motokari vema, isije ikaungwa ikiwa imepinda.

Pili, badili mafuta ya breki. Yakikaa miaka mingi hunyonya maji, na maji huzaa kutu.

Tatu, washa swichi, usikilize pampu ya petroli: hugonga ta-ta-ta. Ikinyamaza, kagua betri na viungo vya nyaya kabla ya kununua pampu mpya.

Rangi na ije mwisho. Mwenzio aketiye kando yako hatalindwa na mng'ao, bali na chuma kizima na breki zinazoshika.