Maji Kwanza, Mashine Baadaye

Mgonjwa akiletwa hospitali ya wilaya Nachingwea kutoka Mkotokuyana, homa kali na shingo imekakamaa, huenda ameshachomwa antibiotiki ya seftriaksoni njiani. Aliyemchoma hana kosa. Homa ya uti wa mgongo haina subira. Ila maji ya mgongo yakitolewa baada ya hapo, bakteria wanaweza kuwa wameshakufa, na jibu la kuotesha likarudi tupu.

Toleo hili linahusu maji yanayotolewa mgongoni, kifuani, tumboni na kwenye viungo ili kutafuta bakteria. Msimamo wetu: kabla ya Nachingwea na Ruangwa kuomba mashine mpya, darubini itumike, tena mapema.

Mwaka 1884 Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, alieleza namna ya kutia bakteria rangi. Mpaka leo kazi ni karibu ile ile: tone slaidini, likauke, rangi ya zambarau, ayodini, spiriti kidogo, kisha nyekundu. Pneumokokasi hubaki zambarau, wawili wawili. Meningokokasi huwa wa waridi, kama maharage mawili yaliyotazamana. Jibu hilo halihitaji siku mbili za kungoja vimelea viote.

Tatizo ni tyubu kukaa mezani ikisubiri fomu. Maji ya mgongo yafike maabara ndani ya saa moja, wala yasiwekwe kwenye friji: baridi huua meningokokasi. Ya tumboni, kwa mgonjwa wa ini, yahesabiwe seli. Seli nyeupe aina ya neutrofili zikifika 250 kwa milimita moja ya ujazo, dawa ianze siku hiyo hiyo. Ya kifuani yana mtego wake, maana kifua kikuu huacha humo vimelea vichache mno, na slaidi safi haimwondolei mtu TB.

Halafu kuna hofu. Watu husema ukitolewa maji mgongoni utapooza au utakufa. Kwa kweli sindano huingia chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Lakini jirani alitolewa maji, akafa kesho yake. Nani atawaambia ndugu kwamba alifikishwa akiwa amechelewa? Shangazi anayemuuguza mgonjwa aelezwe kabla sindano haijafunguliwa.

Wataalamu wa maabara, tuandikieni. Tungependa kujua ni tyubu ngapi mnazopokea bila saa ya kutolewa sampuli, na mnafanya nini nazo.