Kahawa Iliyosagwa Kinu cha Mahindi



Mwezi uliopita niliitwa Kitui kusuluhisha ugomvi wa kahawa. Msicheke, maana ugomvi wenyewe ulikuwa umekwisha kufika pabaya. Mwanamke mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kitui, alikuwa ameambiwa mbele ya watu kwamba anaghushi bidhaa yake. Kwamba huchanganya kahawa na unga wa mahindi, kisha huuza kwa bei ya kahawa tupu. Neno hilo kwa Muislamu mfanyabiashara si dogo. Sote tunakijua kisa alichokipokea Imam Muslim, cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoutia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni akakuta majimaji ndani, na kemeo kali alilolitoa siku ile. Mwanamke huyu naye anakijua, ndiyo sababu alikuwa hali wala halali.

Alikuwa amekopa shilingi 18,000 katika kikundi cha kina mama wa msikitini kwao, akanunua kilo 12 za kahawa iliyokwisha kukaangwa, iliyotoka milima ya Mbooni upande wa Makueni. Zote akazipeleka kusagwa siku moja, katika kinu cha posho kilicho karibu na nyumba yake, zikatoka unga mwembamba kama wanja. Akafunga pakiti. Nyingine zikashuka Mombasa kwa jamaa wenye madele yao. Nyingine zikaenda kwenye mkahawa mmoja kando ya barabara kuu wenye mashine ya espreso. Chache zikaenda Nairobi kwa mwanafunzi, mpwa wake, mwenye birika la kioo lile la kusukuma kwa mkono. Malalamiko yakarudi kutoka pande zote tatu, na kila upande una shutuma yake. Mwanafunzi alisema kahawa ina tope. Mkahawa ukasema ina ladha ya kitu kisichokuwa kahawa. Mama mmoja wa Mji wa Kale, aliyeipika katika dele kwa hitima, ndiye aliyelitamka neno la unga wa mahindi.

Nilipanda basi kutoka Mombasa, tukaiacha barabara kuu pale Kibwezi, tukashika njia ya Ikutha na Mutomo. Watu wengi hupita Kibwezi wakiwa wamelala, nami nawaonea huruma, kwa sababu mahali pale pana haki katika habari hii. Kahawa ililetwa Bura, katika milima ya Taita, na wamisionari wa Kifaransa mwaka 1893. Kisha ikapandwa Kibwezi kwa kunyweshewa maji mwaka 1900, na ndipo mwaka 1904 ikafika Kikuyu, ambako watu hudhani ndiko ilikoanzia. Leo ukiitafuta Makueni utaikuta juu kwenye baridi, Mbooni na Kilungu, na wengi wa wanaoichuma hunywa chai. Sisi wa pwani ni kinyume chao: kinywaji tulikijua kutoka Arabuni kabla ya mti kupandwa katika nchi hii, kikaingia barazani, mazikoni na maulidini, na wachache wetu ndio waliowahi kuuona mbuni umechanua.

Kitui nilipokewa kwa heshima. Nilikuwa nimechukua dele langu dogo, na mpwa alikuja na birika lake la kioo. Tukapima pakiti ileile katika vyombo viwili. Katika birika, kisukumio kiligoma kushuka, kikaja kushuka kwa nguvu, na kikombe kikajaa vumbi jeusi lisilotulia. Katika dele, baada ya robo saa ya makaa, kahawa ilikuwa chungu ya kukausha ulimi. Si ule uchungu wetu tunaoupenda, ni uchungu wa dawa. Nikafahamu nusu ya kesi. Nusu ya pili nitaieleza.

Aliyenifungulia mlango wa kueleza ni mavyaa wa mwanamke huyo, bibi wa Kikamba ambaye maisha yake yote amechimba maji katika mchanga wa mto. Wenyeji wa Kitui na Makueni wanajua kwamba mto ukikauka juu, maji yangalimo chini, yamehifadhiwa mchangani. Ndiyo maana hujengwa vile vizuizi vya mawe na saruji ili mchanga ujikusanye nyuma yake na kuweka maji. Bibi alikitazama kile kisukumio kilichokwama akasema: “Sheikh, hili nalijua. Mchanga wa punje kubwa hutoa maji upesi. Mchanga mwembamba wenye tope huyashika, ukachoka kungoja.”

Basi kahawa ni hivyo hivyo. Punje ikiwa kubwa, maji hupita kwa wepesi na hugusa sehemu chache. Ikiwa unga, maji hukawia na hugusa kila kitu. Na kahawa haitoi ladha zake zote kwa pamoja. Kwanza hutangulia ukali kama wa ndimu, kisha utamu na harufu, na mwisho kabisa uchungu ule mkavu. Anayesaga humwekea mpishi mipaka: maji yakikaa muda mfupi na kahawa, saga laini, yakikaa muda mrefu, saga chenga.

Mashine ya espreso husukuma maji kwa nguvu, kazi ikesha kwa sekunde 25 au 30, kwa hiyo hutaka usagaji laini unaokaribia unga, wenye mkwaruzo kidogo ukiusugua kati ya vidole. Laini kupita hapo, maji huziba. Kahawa ya Kituruki, ile inayopikwa katika kijibirika chenye mkono mrefu na kutolewa motoni mara inapofura, ndiyo pekee inayotaka vumbi tupu, kama poda ya mtoto. Anayechuja kwa karatasi asage kiasi cha sukari ya mezani. Maji yakimaliza kushuka kwa dakika tatu hivi, amepatia. Birika la kusukuma hutaka chenga hasa, kama chumvi ya mawe iliyovunjwa, likae dakika nne, kisha lisukumwe taratibu. Kipimo cha vyote viwili hivi ni gramu 60 kwa lita moja ya maji, yaani kama vijiko vya mezani kumi vya kawaida, na mtu ataongeza au kupunguza apendavyo.

Ama dele letu, hapa nasema kwa uzoefu wangu na sitagombana na mwenye dele lake. Kahawa ya dele huchemka, ikashushiwa moto, ikakaa juu ya makaa muda wote wa mazungumzo. Chombo kinachokaa motoni muda huo hakiwezi kutiwa vumbi. Isitoshe, dele huinamishwa na kuinuliwa kila mgeni anapoingia, na vumbi halipati nafasi ya kutulia chini. Wazee wetu walitwanga kwa kinu na mchi, wakaacha chenga ndogo kama mchanga wa ufukweni. Hiliki na tangawizi zikaponda kando, zikatiwa mwisho. Hawakuwa wakikosa mashine ya kusaga laini. Walijua wanachokifanya.

Mwenye kinu atwange kidogo kidogo, kisha apitishe katika chekecheke. Kinachobaki juu ni cha dele, na vumbi lililoanguka chini aliweke kwa kahawa ya Kituruki, lisipotee. Mwenye blenda asiiache ikanguruma mfululizo; aibonyeze na kuiachia, aitikise, abonyeze tena, kwani mfululizo huipasha kahawa moto na kuacha mapande juu na unga chini. Na asage ya siku ile tu. Kahawa nzima huhifadhi harufu yake kwa majuma. Iliyosagwa huanza kuipoteza siku ileile.

Kikombe kikiwa kikali kama ndimu na chepesi, saga laini zaidi mara ijayo. Kikiwa kichungu cha kukausha ulimi, saga kubwa zaidi. Lakini kahawa ya Kenya ina ukali wake wa asili, nao si aibu, kwa hiyo msisage mpaka uishe. Na kabla ya kuilaumu kahawa, onjeni maji. Visima vingi vya Kitui na Makueni vina maji ya chumvi, na hakuna usagaji utakaoyatengeneza. Tulipopika kwa maji ya mvua kutoka tangi la nyumbani, kikombe kilekile kilikuwa kitu kingine. (Kina mama wanaoambiwa na daktari wapunguze mafuta katika damu, karatasi ya kuchujia huzuia sehemu kubwa ya mafuta ya kahawa yanayopandisha kolestro, dele na birika la kusukuma hayazuii. Na mwenye upungufu wa damu asinywe kahawa pamoja na chakula, kwa sababu huzuia mwili kupata madini ya chuma.)

Sasa nusu ya pili ya kesi. Tulikwenda kwenye kinu cha posho. Mwenye kinu, kijana mwadilifu, hakuficha: siku ile alikuwa amesaga mahindi tangu asubuhi, kisha akamiminiwa kahawa bila kukisafisha kinu. Kilichobaki ndani kikasukumwa na kahawa ya mwanzo. Akakumbuka pia kwamba jioni yake jirani alimrudia akilalamika kwamba ugali wake umekuwa wa kahawia na watoto wamekataa kulala. Basi unga wa mahindi ulikuwamo kweli, si katika kilo zote 12, bali katika zile za mwanzo. Na pakiti za mwanzo ndizo zilizokwenda Mombasa.

Mwanamke akalia. Alikuwa ameapa kwa watu kwamba kahawa yake ni safi, na aliapa akiamini.

Nilisema yafuatayo, nami nayaandika kwa kuwa wengi wenu mnauza vitu kutoka majumbani. Mnunuzi akikuta aibu katika kitu ana khiyari ya kukirudisha na kupewa pesa zake, hata kama muuzaji hakuijua aibu ile. Kutojua humwondolea dhambi, hakumwondolei dhamana. Pakiti za Mombasa zilizokuwa hazijafunguliwa zirudi zote. Kwa iliyokwisha kunywewa, alipwe mnunuzi tofauti ya thamani. Usagaji wenyewe, hata hivyo, si aibu. Mkahawa ulinunua kahawa laini bila kutaja chombo, ukapata kahawa laini, na pakiti zake hazikuwa miongoni mwa zile za mwanzo. Ladha waliyoilalamikia ni ya maji yaliyokawia kwenye unga uliokuwa mwembamba kupita kiasi cha mashine yao. Hauna dai. Mpwa naye hakusema ana birika gani. Laiti mnunuzi angeshurutisha, akasema nataka ya dele, kisha akapewa vumbi, hapo angekuwa na haki ya kurudisha. Na yule mama wa Mji wa Kale, japo ulimi wake ulionja sawasawa, alihukumu nia ya mwenzake mbele ya watu pasi na kuuliza, na aya ya 12 ya Suratul Hujurat haikuacha nafasi ya jambo hilo. Nikampigia simu palepale.

Hesabu iliyorudishwa ilifika shilingi 4,200. Kikundi cha kina mama kimemwongezea miezi miwili ya kulipa deni. Hasagi tena kwenye kinu cha posho. Huuza kahawa nzima, na anayetaka kusagiwa huulizwa kwanza ataipika katika chombo gani, jibu likaandikwa kwa kalamu juu ya pakiti. Vumbi lililobaki, lisilo na mahindi, amelipunguzia bei na kuliuza kwa jina lake: kahawa ya Kituruki.

Mama wa Mji wa Kale alimwomba radhi kwa simu, wakalia wote wawili, nami nikatoka nje. Juma lililopita ameagiza nusu kilo. Nzima, alisema, kinu anacho.